Wasiojua Kusoma Wabaki Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimefika shuleni na matope hadi magotini, nikanawa kwenye pipa la maji ya bati, nikaingia darasani. Darasa la tatu wangu wanatazama ubao wa mashariki. Darasa la pili wa Mwalimu Kizito wanatazama ubao wa magharibi. Chumba kimoja. Ndivyo tulivyo tangu Januari, ukuta wa darasa langu ulipolala chini kwa mvua. Ashukuriwe Mungu ilikuwa usiku. Kizito akijumlisha, wangu nao wanajumlisha. Mimi nikisomesha, wake wanaitikia. Ikifika mchana sauti imekwisha.

Kipindi cha kwanza nimekaa na kundi la nyuma, kama kila asubuhi mwaka huu. Ni wale waliofika darasa la tatu bila kujua kusoma. Walikuwa wanajificha madawati ya nyuma, ndiyo maana ya jina. Sasa nawakalisha mbele lakini jina limebaki. Wenzao wananakili kazi ubaoni, sisi tunashika silabi. Kitabu kinasubiri. Najua kinasubiri. Agizo la kata linasema shule zote ziwe ukurasa mmoja, wiki moja. Asiyejua "ba" ukurasa utamsaidia nini?

Suzana ameunganisha "ka" na "lamu". Akasema, "Kalamu." Halafu akaitazama ile aliyoshika mkononi, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Siku njema, pamoja na matope.

Jumatano, 5 Machi

Kikao cha walimu baada ya vipindi. Mkuu wetu, Mwalimu Nestory, alikuwa na kikohozi na habari mpya. Alhamisi ya tarehe ishirini tunapata wageni kutoka mkoani. Wanakuja kuona shule ya mfano katika kusoma. Tulitazamana. Mfano gani? Ikabidi aeleze. Afisa Elimu wa Kata, Gervas, ndiye aliyepeleka jina letu juu. Taarifa yake inasema kwetu kila mtoto anasoma.

Halafu Mkuu akasema lile lililobaki, akiiambia meza badala ya sisi. Wasiojua kusoma wabaki nyumbani siku hiyo. Kwenye nafasi zao watakaa watoto wa darasa la tano.

Nikauliza kama nimesikia vizuri. Akasema nimesikia vizuri.

Nikasema basi na mimi niseme. Ukuta wetu uko chini mpaka leo kwa sababu fedha za darasa zilipofika katani zilipelekwa shule ya barabarani, lami inakopita. Mkuu aliambiwa kule kunaonekana. Sisi tuko ndani, hatuonekani. Sasa tumepata watu wa kutuona, na sisi tunawaziba macho. Nani atampa darasa mtu asiyelihitaji? Nani ataleta vitabu vya kuanzia kusoma kwenye shule ambayo kila mtoto anasoma?

Kila mmoja anachorachora kwenye daftari lake. Mimi ni mwakilishi wao kwenye chama cha walimu, wamenichagua wenyewe, na hakuna aliyeinua kichwa. Niliona aibu kama mtu aliyecheka msibani.

Mkuu akasema, "Madam Editha, mimi nimebakiza kidogo nistaafu. Nisaidie nimalize salama." Akafunga kikao.

Ijumaa, 7 Machi

Kizito amenifuata njiani. Eti niliyosema ni kweli tupu. Nikamuuliza mbona kweli hiyo hakuiona akiwa amekaa. Akasema, "Madam, mimi sijathibitishwa kazini bado." Ana mke, ana mtoto mchanga.

Nimemkasirikia hata hivyo. Njia nzima hadi nyumbani.

Jumanne, 11 Machi

Naandika kwa hasira. Mwandiko mbaya.

Gervas alikuja na pikipiki bila taarifa. Na leo nilikuwa kwenye ukurasa wake anaoutaka, hadithi ya pweza. Hapa Ufipa hakuna mtoto aliyemwona pweza. Hata wa Kabwe, waliozaliwa ziwani, hawamjui. Walikuwa wananitazama tu, macho makavu. Nikawaeleza kwa Kifipa. Mnyama wa maji ya chumvi. Hana mfupa. Mikono mingi. Anajibana kwenye mawe. Wakaanza kucheka, wakaanza kuuliza. Mmoja akataka kujua shati lake linashonwaje. Darasa likaamka. Hata wa Kizito waligeuka.

Gervas alikuwa mlangoni. Akaja hadi ubaoni akaichukua chaki mkononi mwangu. Hakuinyang'anya. Aliichukua taratibu, kama mtu anavyomwondolea mtoto kisu. Akawaambia watoto, "Shuleni ni Kiswahili." Akafuta nilichoandika. Akanakili maswali ya kitabuni, akawaitikisha. Pweza ni nani? Pweza ni mnyama wa baharini. Tena. Tena. Watoto wakaimba. Mimi nimesimama pembeni ya dirisha, mikono haina kazi.

Gervas ni mdogo kwangu kwa miaka mingi. Alikuwa mwalimu mzuri wa hesabu kabla ya kupewa pikipiki. Ndilo linaloniuma zaidi. Anajua alichofanya.

Suzana hakuimba. Alikuwa ananitazama mimi. Ningependa asingenitazama.

Jumatano, 12 Machi

Barua imefika. Nijieleze. Kwa nini sifuati azimio la kazi la kata. Kwa nini natumia lugha isiyotakiwa darasani. Kwa nini nachochea walimu wenzangu. Uchochezi ni lile swali langu la kikaoni. Kwa hiyo kuna aliyelipeleka. Sitaki kujua nani. Nataka sana kujua nani.

Didas, mume wangu, ameisoma jikoni amesimama. Akairudisha kwenye bahasha, akatoka kwenda kuwafunga mbuzi. Aliporudi ndipo akasema.

"Mama Oska, watakupeleka ziwani."

Anamaanisha Kabwe. Wenye midomo wa kata hii ndiko wanakopelekwa. Nikasema huenda wasinipeleke.

"Na mama nitamwachia nani?"

Mama yake yuko chumba cha pili, hasimami bila kushikwa. Mimi ndiye ninayemwogesha. Didas alisema polepole, bila ukali. Afadhali angefoka.

Sijala.

Jumamosi, 15 Machi

Mjini. Nimepanda gari la asubuhi hadi Sumbawanga, nikaenda ofisi ya chama. Kijana mwenye tai, anakunywa chai na chapati. Akasoma barua yangu. Akauliza kama nimepigwa. Hapana. Kama nimecheleweshewa mshahara. Hapana.

"Sasa tatizo liko wapi, mwalimu?"

Nikamweleza habari ya chaki. Akanisikiliza kwa heshima, kama anavyosikilizwa mtu mwenye homa. Akanishauri nijibu kwa unyenyekevu, niombe radhi, yataisha. Nikamuuliza chama kinapigania mishahara tu, au kinapigania na ualimu wenyewe? Nani anaamua mtoto huyu leo ajifunze nini, yule anayemwona au yule asiyemwona? Akasema hilo ni swali zuri. Akatazama saa.

Nimekula wali maharage sokoni peke yangu, kwa hasira. Mwanangu Oska yuko bweni hapo mjini, sikumpitia. Angeuona uso wangu.

Nimerudi, nimeandika majibu. Radhi sikuomba. Nimesema natumia Kifipa ili wafike kwenye Kiswahili. Nimesema mwalimu ndiye anayejua nani ameachwa nyuma kwenye darasa lake, na akinyimwa kuamua hata kipindi kimoja basi awekwe redio badala yake. Sentensi ya redio nimeifuta. Ya mwisho nimeiacha: Nafundisha watoto nilio nao.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya misa mama yake Suzana alinisubiri kwenye ngazi za kanisa. Analima ulezi na maharage upande wa pili wa mto. Ana watoto wengi, na Suzana ndiye wa kwanza kuvuka darasa la pili. Tukasalimiana. Akauliza habari za mama mkwe. Akauliza habari za shamba. Halafu:

"Mwalimu, mwanangu anasema ameambiwa Alhamisi asije shule. Amekosa nini?"

Kuna mama wengine walikuwa wamesimama karibu, wanajifanya wanafunga kanga. Nikajua wote wana swali hilo hilo. Ningeweza kusema ni mambo ya ofisi. Mdomo ulikuwa tayari kusema hivyo, nauhisi bado.

Nikasema, "Hajakosa kitu. Hajui kusoma vizuri bado, na wageni hawatakiwi kumwona."

Mama Suzana akasema, "Sisi tulipoleta matofali ya darasa lile lililoanguka, walituhesabu vizuri. Hakuna aliyetuambia tubaki nyumbani." Akamgeukia mwenzake wakazungumza Kifipa haraka. Hawakuniambia wameamua nini. Sikuuliza.

Nimetembea hadi nyumbani. Sasa ni uchochezi kweli.

Jumanne, 18 Machi

Gervas alikuja nyumbani. Kwangu, si shuleni. Didas akampa kiti, akampa togwa, akatoka. Gervas alizungusha kikombe muda mrefu.

Hakuja na ukali. Ningejua la kufanya kama angekuja na ukali. Alisema anajua ninavyofundisha, anajua na matokeo yangu. Alisema, "Madam, na mimi nina mkubwa wangu. Naulizwa kila mwezi asilimia ngapi wanasoma. Nikisema ukweli naambiwa nimeshindwa kusimamia. Aliyesema ukweli mwaka jana yuko wapi?" Sikujua yuko wapi.

Nikamuuliza, kama kata nzima inasema watoto wote wanasoma, msaada utatoka wapi? Akasema msaada hutoka kwa wanaofanya vizuri. Ndivyo mambo yalivyo siku hizi. Shule ikipendeza inaongezewa. Nikasema basi mgonjwa asubiri apone ndiyo apewe dawa. Akatabasamu, mara ya kwanza. Likapita.

Akasimama. "Nafasi iko Kabwe. Mwalimu wa kike wanamtafuta. Sipendi, lakini iko." Akashukuru kwa togwa.

Didas alikuwa nyuma ya nyumba, amesikia yote. Akasema nifanye ninavyoona. Akaenda kumgeuza mama yake.

Jumatano, 19 Machi

Mazoezi siku nzima. Watoto wa darasa la tano wameletwa kwangu, wamefundishwa pa kukaa. Magoti yao hayaingii chini ya dawati. Anitha, anayesoma kuliko wote, amepewa ukurasa wa kusoma wageni wakiingia. Hadithi ile ile ya pweza.

Kundi la nyuma wameambiwa tena, safari hii na Mkuu mwenyewe, wasije kesho. Walitoka bila kelele. Watoto wamezoea kutolewa.

Wapishi wamechinja kuku. Nyasi zimefyekwa hadi juu ya kifusi cha ukuta wangu, kimefunikwa turubai. Ukipita haraka ungedhani ni rundo la mahindi.

Naogopa. Nimeandika ili nilione neno lenyewe. Naogopa Kabwe. Naogopa zaidi kwamba kesho nitasimama pale nitabasamu.

Alhamisi, 20 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Ukungu asubuhi, baridi. Nilipofika, kina mama walikuwa wamesimama kwenye mlingoti wa bendera na watoto wao. Kundi la nyuma lote. Wamenyolewa, sweta zimefuliwa hazijakauka. Mama Suzana akanisalimia kama siku zote, kisha akatazama pembeni, nisiwe na lawama.

Gervas alikuwa amekwisha fika, na shati jeupe. Akamwambia Mkuu awaondoe. Mkuu akawaendea. Kina mama wakampa shikamoo, akaitikia marahaba. Akasimama mbele yao. Akawatazama watoto mmoja mmoja. Akarudi ofisini.

Gervas akaenda mwenyewe. Kina mama hakuwagusa. Watoto akawaambia wakakae nyuma ya jiko mpaka waitwe. Wakaenda. Mtoto akiambiwa na mtu mwenye shati jeupe anakwenda.

Nikaingia darasani. Darasa la tano wamejaa kwenye madawati yetu. Kizito anapangusa ubao wake ambao tayari ni safi. Tukasikia magari chini, kwenye daraja.

Sijui ni kitu gani kilinisukuma. Si ushujaa. Nilitoka, nikazunguka jiko, nikawakuta wamechuchumaa ukutani, wanatazama moshi. Nikasema, "Njooni darasani kwenu." Suzana akauliza, "Wameshatuita?" Nikasema nimewaita mimi.

Madawati hakuna. Wakakaa chini, mbele, karibu na miguu yangu. Gervas aliona kutoka uwanjani lakini milango ya magari ilikuwa inafunguka.

Kiongozi wa wageni ni mama mtu mzima, miwani imening'inia kwenye kamba shingoni. Aliingia akasimama. Akatazama magoti ya darasa la tano. Akatazama walio sakafuni. Akatazama migongo ya darasa la pili. Anitha akasimama akasoma hadithi ya pweza, bila kukwama, sauti nzuri. Mgeni akampongeza. Akamuuliza yuko darasa la ngapi. Anitha akamtazama Gervas. Akasema, "La tano. La tatu." Akaanza kulia. Mtoto wa watu. Hilo silisahau, sisi tumemfanyia.

Mgeni akamshika bega, akamkalisha. Akainama kwa Suzana. "Na wewe mama, unasoma?"

Suzana akasimama. Shikamoo kwanza. Kisha, "Sijajua bado. Ninajua ya juzi." Akaenda ubaoni, akaonyesha kona ambapo kazi yetu ya Jumanne haikufutika yote. Akasoma kwa kidole. Ki-ka-pu. Ma-ji. Sa-ba-bu. Likafuata neno "mwangaza". Akalitazama muda mrefu. Nilisikia kuku wa jirani. Akasema, "Hili bado." Akarudi kukaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Ilikuwa sawa.

Mgeni akaniuliza hawa nimeanza nao wapi. Nikasema kwenye herufi, Januari. Nikasema nina kipindi kimoja tu nao kila asubuhi, nacho si halali. Gervas akaanza, "Kwa ujumla kata yetu..." Mgeni akainua mkono kidogo. Akauliza kwa nini madarasa mawili chumba kimoja. Gervas akasema jingine liko kwenye ukarabati.

Ndipo Mkuu akasema.

Alikuwa nyuma kabisa, kofia mkononi. Alisema, "Haliko kwenye ukarabati. Njooni." Akatoka mbele yao kwa zile hatua zake za mzee, akafika kwenye turubai, akalivuta mwenyewe. Tope, matofali ya wazazi, magugu. Akazungumza. Sijawahi kumsikia akizungumza hivyo. Kwamba ruzuku inagawanywa kwa vichwa vya wanafunzi, na shule ndogo ya ndani ikishanunua chaki imekwisha. Kwamba fedha ya darasa ilikwenda kunakoonekana. Kwamba walimu wake wanapangiwa ukurasa na mtu asiyewajua watoto. Akakohoa, tukasubiri. "Na agizo kwamba wasiojua kusoma wabaki nyumbani nimelitoa mimi, kwa mdomo wangu huu. Wazazi wao ndio wale pale."

Kina mama walikuwa bado kwenye mlingoti. Mgeni akaenda akawasalimia. Alikaa nao kuliko alivyokaa na sisi.

Waliondoka bila kula. Kuku tuliwala sisi walimu, kama tuko matangani.

Ijumaa, 21 Machi

Hakuna anayezungumzia jana. Gervas hakuja.

Kipindi cha kwanza Kizito aliacha darasa lake na kazi, akavuta kiti, akachukua nusu ya kundi la nyuma. Hakuniuliza. Hajathibitishwa kazini bado.

Anitha hajaja shule.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda kwao Anitha. Baba yake ana kiduka njiani kuelekea Chala. Nimemwomba radhi mtoto mbele ya baba yake. Akasema hakulia kwa sababu ya mgeni, alilia kwa sababu alikuwa amekalia dawati la Suzana. Jumatatu atakuja.

Jumatano, 26 Machi

Barua mbili. Yangu ni onyo. Nitabaki shuleni kwangu, na kile kipindi cha kwanza na kundi la nyuma "kinaruhusiwa kwa majaribio hadi Juni". Ndivyo walivyoandika. Didas aliisoma mara mbili kisha akakaa chini, mikono usoni. Sikujua alikuwa anaogopa kiasi hicho.

Ya Mkuu si onyo. Amevuliwa ukuu. Anashuka bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, shule iliyo mbele ya Muze, kuwa mwalimu wa kawaida. Mzee aliyebakiza kidogo.

Nikamkimbilia kwake. Mke wake anakunja mapazia. Yeye anafunga godoro kwa kamba ya mkonge, amepiga magoti juu yake. Nikaanza kusema kwamba haya yote ni yangu, kwamba aliniomba nimsaidie amalize salama, nami sikumsaidia. Akakaza fundo kwanza.

"Madam, usinilie. Siku ile nilisema ya kwangu. Sikusema ya kwako."

Nikamshikia kamba upande wa pili.

Alhamisi, 27 Machi

Wamempakia kwenye fuso. Walimu wote tulikuja, na kina mama. Hakuna hotuba. Nina hasira ambayo sijui niielekeze wapi.

Jumatatu, 5 Mei

Muda mrefu sijaandika. Mavuno ya maharage, kisha mama mkwe alizidiwa, sasa ana nafuu.

Saruji na bati vimefika vya darasa moja. Wazazi wanachoma matofali mapya. Mkuu mpya ni mama mchapakazi wa kutoka Nkasi, anapenda kila kitu kiandikwe. Agizo la ukurasa mmoja halijafutwa. Lipo ukutani ofisini.

Jana walimu wa shule zote za kata tulikutana ukumbi wa parokia. Mimi niliitisha, kama mwakilishi, nikiamini watakuja wachache. Walijaza mabenchi. Tumekubaliana kuomba kwa pamoja kipindi cha kwanza kiwe cha mwalimu, kila shule, bila majaribio. Na fedha zitazamwe kwa uhitaji, siyo kwa barabara. Wa kwanza kusimama kuzungumza alikuwa Kizito. Sauti ilimkatika, akaendelea nayo hivyo hivyo. Majibu hatuna. Tumeambiwa ombi litafikishwa.

Leo Gervas alipita. Alisimama mlangoni nikiwa na kundi langu. Hakuingia. Akauliza wanaendeleaje. Nikasema wanaendelea, isipokuwa wawili. Nikangoja aseme niandike kwamba wote wanasoma. Akasema, "Wawili hao unafanyaje nao?" Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, kama mwalimu.

Simsamehe bado. Lakini nilimweleza vizuri.

Jumamosi, 17 Mei

Muze. Nimeshuka na lori la mahindi, kona baada ya kona, joto linapanda na sweta linavuliwa. Nilimkuta Mwalimu Nestory kibarazani anachambua mchele na mkewe. Amepungua mwili. Kikohozi kimepona, anasema ni joto la bondeni.

Wanafundisha darasa la kwanza wawili, yeye na binti mmoja mgeni kazini. Hakuniuliza habari za kata wala za ukuta. Alinisimulia mtoto mmoja anayeandika "e" ikitazama kushoto, na jinsi alivyoacha wiki nzima bila kumsahihisha, ikageuka yenyewe. Alisimulia kwa kirefu. Mkewe akacheka, akasema kila jioni ni hiyo "e".

Tukala samaki wa Ziwa Rukwa na wali. Watoto walipita njiani na ndoo, wakaita, "Shikamoo mwalimu." Akaitikia bila kuinua kichwa kwenye ungo. Nikamuuliza kama haimuumi. Akafikiri.

"Inauma jioni," akasema. "Asubuhi nina kazi."

Walinifungia mchele kwenye kitambaa. Nikapata gari la kupanda saa kumi. Juu upepo ulikuwa unavuma, nyasi zimeanza kukauka, kila shamba la ulezi limeinama. Didas alinisubiri njia panda na baiskeli. Tukaweka mchele nyuma, yeye akasukuma, mimi nikashikilia usianguke. Akauliza, "Mzee mzima?" Nikasema mzima.

Tukatembea.